Kilo Sitini na Mbili

Bunia, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2024

Yaya Françoise,

Salamu nyingi kwako, dada yangu mukubwa, na kwa Baba. Siye huku tuko wazima. Grâce muke wangu tumbo linamusumbua akila maharagi, lakini kuacha maharagi hataki. Ornella alitoka wa tatu darasani, na sasa hatuna amani ndani ya nyumba, anasahihisha Kifaransa cha kila mutu, hata cha pasta. Mutoto mudogo ameota meno mawili.

Tangu antene ya simu ya Tchomia ilipochomwa, nimeanza tena kuandika kama wakati wa masomo. Barua hii nimemupa Katsuva, yule wa lori la samaki. Amesema ataifikisha siku barabara itakapomuachia.

Sasa jambo lenyewe, na umusomee Baba pole pole. Unaijua ile ndege yetu ya viti viwili ambayo iko inashuka juu ya udongo na juu ya maji. Mpaka leo inabeba kartoni za dawa tu, kwa sababu motere yake iko ya farasi mia, haina nguvu. Bunia iko juu, hewa yetu ni nyepesi, na jua likishapanda ndege inakimbia kiwanja chote bila kutaka kuacha udongo. Kule kwenu ziwani ni vibaya zaidi. Yves, piloti wetu, akiweka mutu pembeni yake, tumbo la ndege linanatana na maji, halitoki.

Shirika letu la kupeleka dawa limekubali kununua motere ingine, ya farasi mia na arobaini, yenye kujisukumia hewa yenyewe ili isichoke hata kwenye milima. Miye ndiye nitaifunga. Mbele ya Pasaka kufika, Yves atakuja kumuchukua Baba pale pale pembeni ya ziwa, na munganga wa huku atamupasua hiyo kibofu. Dakika makumi matatu. Hakuna mutu wa bunduki atakayemusimamisha.

Muambie mutoto wake anamutengenezea njia ya juu.

Ni miye mudogo wako,
Anaclet


Tchomia, tarehe 2 mwezi wa pili 2024

Mudogo wangu Anaclet,

Barua yako ilifika ikinuka samaki, lakini ilifika. Tunashukuru kwa meno ya mutoto. Muambie Ornella shangazi yake anafundisha Kifaransa tangu miaka kumi na tisa na bado anakosea.

Darasani kwangu niko na wanafunzi sabini na mumoja sasa. Wengi walikimbia kutoka upande wa Djugu, wanakaa juu ya mawe. Wanaandika vizuri kuliko wale wenye viti, sijui sababu.

Baba anakusalimia. Ule mupira wa kumutolea mukojo waliubadilisha wiki iliyopita, mara hii muuguzi alikuwa na mukono muzuri. Nilipomusomea mambo ya njia ya juu, aliuliza kama nayo iko na mashimo. Unamujua. Miaka makumi ine ya kudunga ng'ombe shindano za dawa imemuachia mizaha ya ng'ombe.

Barabara ya chini iko vile unavyoijua. Wamama wa samaki wanapanda Bunia kila Jumanne nyuma ya musafara wa askari, na kila Jumatano wanateremuka. Sikuombi uje. Nakuambia tu kwamba wanapita.

Nilikuwa na neno lingine la kuandika, juu yangu miye, lakini Katsuva anapiga honi. Itakuwa siku ingine.

Françoise


Bunia, tarehe 25 mwezi wa pili 2024

Yaya Françoise,

Tuko wazima, isipokuwa malaria kidogo ya Grâce ambayo imepita. Mvua imetuangushia ukuta wa choo, nimeujenga upya na matofali ya jirani, tutapatana.

Motere imefika. Lori lililoitoa mupakani lilikaa siku tisa ndani ya matope kupita Mahagi, na kasha likafika likiwa na nyasi juu yake. Ndani hakuna kilichoguswa. Siku ile ya kulifungua hatukufanya kazi ingine. Yves alileta Fanta kama kwa ubatizo. Nimetoa motere ya zamani, nimeiweka juu ya matairi mawili, na nilijisikia vibaya kidogo kuiangalia, kwa sababu haijanikosea kitu, iko ndogo tu.

Lakini kuna jambo. Mpya iko na uzito kuipita ile. Na haiji peke yake: kuna bomba zake, kuna sahani kubwa ya kuipoza, kuna vyuma vya kuishikilia, na panga la nyuma linalosukuma upepo nalo ni kubwa. Nguvu imeongezeka, ila mifupa ya ndege ni ile ile, na walioiunda waliandika uzito ambao haipaswi kupita, motere iwe gani. Nimepima kila kitu, hata kamba na nanga. Nikitoa Yves, nikitoa mafuta ya kwenda na kurudi na ya hatari, abiria anabakia na kilo sitini na mbili.

Nakumbuka Baba alikuwa na makumi munane na kitu. Ndiyo sababu nakuuliza: sasa iko na kilo ngapi? Mupime, uniandikie. Kama amezidi nitatafuta pa kupunguza. Nitang'oa hata kapeti.

Na lile neno lako ulilotaka kuandika ni neno gani?

Anaclet


Tchomia, tarehe 19 mwezi wa tatu 2024

Anaclet,

Tusameheane kwa kuchelewa. Barabara ilifungwa wiki tatu nzima. Katsuva alikuwa amekwama upande wenu, na siye upande huu tulikula samaki asubuhi, saa sita na magaribi mpaka watoto wakaanza kuwaogopa.

Hakuna mutu wa jamaa aliyeumia. Jirani yetu Angélique amepata mapacha. Mkurugenzi Fiacre, yule wa shule ya Mahagi-Port, alipita na mutumbwi wa motere na kutuletea vitabu vya kusoma, kitabu kimoja kwa wanafunzi wane. Aliuliza habari zako.

Juu ya kilo za Baba, Baba iko mutu mukubwa, unamujua. Anakula. Siku zingine anakula kidogo tu. Fanya kazi yako, usifikirie mambo ya huku.

Lile neno limepita, halikuwa kitu.

Françoise


Bunia, tarehe 14 mwezi wa ine 2024

Yaya,

Salamu. Najua Pasaka imepita na sikutimiza. Kufunga motere hii kulikuwa kama kumuvalisha mutu mukubwa suruali ya mutoto. Lakini imekubali. Alhamisi Yves alikwenda ziwani kuijaribu juu ya maji, peke yake na mifuko ya muchanga kwenye kiti cha abiria. Ilienda vizuri. Imebakia kurekebisha vitu vidogo.

Hujaniandikia kilo. Siwezi kupanga safari bila kilo, yaya. Nakuomba.

Anaclet


Tchomia, tarehe 22 mwezi wa ine 2024

Anaclet,

Leo sitauliza habari za nyumbani kwako, utanisamehe, nitauliza mwisho.

Ile Alhamisi nilikuwa ninafundisha mugawanyo. Tulisikia sauti ya ndege, na wanafunzi wote sabini na mumoja wakatoka, hata miye nikawafuata. Ilishuka vizuri, kama bata. Kisha Yves akataka kupanda. Motere ikalia sana, na badala ya kuinuka ndege ikatia pua ndani ya maji. Niliona mukia wake ukisimama. Maji yalifunika kioo chote, ikageuka nusu, ikalala na bawa moja chini. Wavuvi wawili waliifunga kamba na kuivuta mpaka pembeni ya ziwa. Yves alitoka na damu kwenye paji la uso. Alikaa saa moja na nusu akitetemeka, Angélique akamupa chai, kisha akajaribu tena pole pole na akaondoka.

Na weye unaandika: ilienda vizuri. Ziwa halina pazia, Anaclet. Tchomia nzima iliona.

Unajua nilimuambia Baba nini? Nilimuambia ilienda vizuri. Nilitumia maneno yako yale yale.

Kwa kuwa unataka kilo, nitakupa. Jumamosi tulimubeba mpaka sokoni, kwenye mizani kubwa ya magunia ya samaki, kwa kuwa kituo cha afya mizani yao iko ya watoto wachanga. Hakuweza kusimama. Tulimukalisha juu ya kasha la bia na tukapima vyote pamoja, kisha kasha peke yake. Wamama wa samaki waliacha kuuza, wakageuza nyuso zao upande mwingine ili asione haya, mupaka yule anayesoma mizani akanionyesha kwa kidole bila kutamka. Baba ndiye aliyesema kwa sauti.

"Ni ngapi? Usinifiche, miye nimepima ng'ombe maisha yangu yote."

Nilimuambia ni makumi ine na tisa. Akafikiri kidogo, akasema, "Ng'ombe wa namna hii ningeandika mwenyewe asiuzwe."

Basi una kilo zako. Huna haja ya kung'oa kapeti. Kumebakia na nafasi ya kilo kumi na tatu.

Sikukuandikia mbele kwa sababu zangu. Nisalimie Grâce na watoto.

Françoise


Bunia, tarehe 5 mwezi wa tano 2024

Yaya Françoise,

Barua yako niliisomea ndani ya hanga ya ndege, nimekaa juu ya ile motere ya zamani. Grâce aliisoma pia, akalia, akanikataza kukujibu siku ile. Ndiyo sababu nimechelewa.

Nilidanganya. Yves aliporudi na kitambaa kichwani aliniambia kila kitu. Niliogopa ukimuambia Baba atakataa kupanda, na akikataa sina njia ingine ya kumuleta.

Sasa ukweli wa ndege. Motere iko juu, nyuma ya vichwa vya watu, inasukuma kutoka juu. Ile ya farasi mia haikuwa na nguvu ya kuinamisha pua. Hii mpya ukiipa mafuta yote kwa mara moja, inamusukuma ndege kifudifudi. Hilo lilikuwa kazi yangu kuliona mbele, na sikuliona, nilifurahia nguvu tu. Nimeongeza vyuma vyembamba chini ya motere ili isukume kwa muinamo mwingine. Yves naye amejifunza kutoa mafuta kidogo kidogo, mpaka tumbo la ndege lianze kuteleza juu ya maji, ndipo anafungua yote. Amefanya mara tisa, mbali na macho ya watu, na kilo makumi tano za muchanga. Pua haijaenda chini tena hata mara moja. Mara hii siandiki ili kukutuliza.

Na kuna ukweli mwingine. Umeniandikia habari ya wamama wa samaki na musafara wa Jumanne, na sikujibu. Mwaka wa 2020, nilipokuwa ninakuja kuwaona, nilisema lori liliharibika njiani na nikarudi. Halikuharibika. Lilipigwa risasi. Watu wawili walianguka juu yangu, mwanamuke na mutu wa makamo, nami nililala chini yao mupaka askari walipofika. Sikumuambia mutu, hata Grâce nimemuambia juzi tu. Tangu siku ile najua musafara unakusanyika saa ngapi na wapi. Mara mbili nilifika mupaka pale na begi langu. Mara mbili nilirudi kazini. Miaka mine nimekuwa nikisema kazi ni nyingi. Nilijificha ndani ya motere hii, yaya. Kama isingekuja hiyo, ningetafuta ingine.

Yves atakuja Jumatatu tarehe 13, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele ya upepo kuanza. Baba asile kitu. Mumufunge blanketi, juu ni baridi. Begi lake lisipite kilo tano.

Anaclet


Tchomia, tarehe 13 mwezi wa tano 2024

Anaclet,

Wakati unasoma hii Baba atakuwa kwako tangu siku nyingi, lakini nakuandikia vile ilikuwa, kwa sababu hukuona.

Yves alishuka juu ya maji, akatoa magurudumu, akapanda mupaka juu ya muchanga kama gari. Walimu wawili walimubeba Baba. Nilikuwa nimemunyoa na kumuvalisha koti la harusi yake na Mama, lile la mistari, likamufunika mara mbili. Yves alimusalimia kwa mikono miwili na kumufunga mukanda. Baba alimuuliza kama ameshabeba mutu ndani ya kitu hiki tangu kibadilishwe.

"Muchanga tu, Muzee," Yves akajibu. "Weye ndiye mutu wa kwanza."

"Na muchanga ulilalamika?"

"Haukulalamika."

"Basi twende."

Hakuniangalia. Alikuwa ameshika blanketi na macho yake yalikuwa mbele. Miye nilisimama ndani ya maji mupaka magoti nikisikiliza motere. Ilianza pole pole vile ulivyoandika, ikapanda, ikapanda, nami nikaangalia pua tu, sikuangalia kitu kingine. Pua ilibakia juu. Kisha chini ya ndege kukaonekana mwanga, na maji yakadondoka kutoka tumboni mwake, na wakaenda kuelekea mulima. Wanafunzi wangu walipiga makofi. Ilikuwa fupi kuliko kuimba wimbo wa taifa.

Nilirudi nyumbani, nikafua mashuka, nikaanika godoro. Saa ine vyote vilikuwa vimekwisha. Nimekaa sasa. Sijui mikono yangu niiweke wapi.

Nakushukuru juu ya ile barua. Miye sikujua kwamba hukuwa na namna ya kuja, nilifikiri hutaki.

Françoise


Bunia, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Yaya Françoise,

Furahi. Walimupasua tarehe 17 ya mwezi uliopita, ilichukua saa moja na robo. Homa ilimushika siku ine, tukaogopa, ikashuka. Mupira umetolewa. Siku ya kwanza alipokojoa mwenyewe aliita lopitali nzima kuja kuona. Sasa iko kwetu, ndani ya chumba cha Ornella. Anakula uji, anakula ndizi, amefika kilo makumi tano na tatu na anataka kupimwa kila siku.

Kwa Grâce si rahisi, sitakuficha. Anafua kila siku. Baba hapendi mavumbi ya Bunia, hapendi muziki wa jirani, hapendi vile dirisha linaangalia ukuta. Askari wakipita na gari anauliza kama vita imefika. Siku nzima anaulizia ziwa, anaulizia weye. Anasema hapa amefungwa kama kuku wa sokoni.

Nimeongea na Yves. Jumatatu tarehe 24 anakuja Tchomia na dawa, kiti kiko wazi, atamurudisha. Munganga amekubali. Tengeneza kitanda chake, yaya, na umutafutie yale maziwa ya mugando anayopenda.

Anaclet


Tchomia, tarehe 18 mwezi wa sita 2024

Mudogo wangu Anaclet,

Barua yako niliisoma nikisimama mulangoni, kisha nikaisoma tena nikikaa. Nimemushukuru Mungu juu ya Baba. Grâce nampa pole, najua kufua ni nini.

Hii ni karatasi ya ine, tatu nimezipasua. Usimurudishe Baba Jumatatu.

Usifikiri niko mugonjwa, ao kwamba huku kuna mambo. Tchomia imetulia. Kitanda chake kiko na shuka ziko safi. Ni miye siwezi.

Mwaka wa 2020 mkurugenzi Fiacre alitaka kunioa. Muke wake alikuwa amekufa miaka miwili. Aliongea bila haraka, kama mutu anayeeleza somo, na nilimupenda kwa hilo. Nilimujibu: baada ya muzee. Akasema atangoja. Ndilo neno nililotaka kukuandikia siku ile ya honi.

Nilipolisema lilikuwa neno jepesi, kila mutu analisema. Kisha Baba akaanza kuugua, na neno likageuka ndani ya kinywa changu. Aliposhindwa kula nilijikuta ninahesabu miezi. Nikijishika ninahesabu, ninamupikia mara mbili, ninamulazimisha, mupaka analia. Uliponiuliza kilo zake sikuweza kuandika. Sikukuogopa weye. Niliogopa kwamba nitaandika makumi ine na tisa, na moyo wangu utafurahi. Siku ya mizani niliusikiliza moyo wangu mbele ya wamama wote wale, na siwezi kukuambia nilisikia nini.

Tangu aondoke, wiki ya kwanza nilikuwa ninaamuka kumugeuza mutu ambaye hayuko. Wiki ya pili nililala. Nimelala, Anaclet, mupaka Angélique alikuja kupiga mulango akifikiri nimekufa. Tangu Mama atutoke, miaka saba, sikuwa nimelala hivyo. Baba amepona, na miye sihitaji tena afe ili nitoke ndani ya nyumba hii. Akirudi, nitaanza tena kuhesabu. Najijua.

Fiacre anapita na mutumbwi Alhamisi tarehe 27. Shuleni kwake kuna nafasi ya mwalimu kwa mwaka mupya. Ukitaka kumuambia Baba kwamba nimemutupa, muambie hivyo, sitakana. Sababu yako ya kutokuja ilikuwa ya kweli na nimeipokea, sikuwekei kinyongo. Lakini miaka saba ni yangu, na sasa ni zamu yako.

Yves akija Jumatatu, alete dawa tu. Kama akishuka na Baba, nitamupokea, nitamulaza kitandani, na sitapanda mutumbwi. Unajua hilo. Ndiyo sababu nakuomba.

Françoise


Bunia, tarehe 23 mwezi wa sita 2024

Yaya Françoise,

Hii Yves atakuletea mwenyewe kesho asubuhi. Ni barua ya kwanza ambayo haitanuka samaki.

Yako ilifika Ijumaa, na siku ile nzima nilikasirika. Nilikuwa na sababu zangu zote mukononi: vyumba vya watoto ni viwili, watoto ni watatu, Grâce amechoka, Baba mwenyewe anataka ziwa. Nilizipanga ili nikuandikie. Grâce alinisikiliza mupaka mwisho, akachukua vitu vya Ornella, akavihamishia kwa wadogo wake. Nikaona kwamba zamu imeshaanza.

Jana nilimusomea Baba barua yako. Grâce alitaka niruke pale pa kuhesabu. Sikuruka. Nimechoka kuandika kwamba ilienda vizuri. Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na ukuta. Nilipomaliza aliniomba nisome tena pale pa kuhesabu, nikasoma. Hakugusa chakula. Leo tulipotoka kanisani aliomba kalamu, akaandika peke yake, akanipa karatasi ikiwa wazi, nami nimeisoma. Naiweka ndani ya bahasha hii.

Vitu vyake ambavyo vimebakia nitakuja kuvichukua mwenyewe. Siahidi siku. Barabara bado iko ile ile na miye bado niko yule yule, lakini Jumanne moja nitapanda gari na sitashuka.

Usiniandikie tena kutoka Tchomia.

Mudogo wako,
Anaclet


Françoise binti yangu,

Mwandiko wangu si ule wa zamani, usome pole pole.

Habari ya Fiacre nilijua tangu siku ya kwanza. Alinipitia miye mbele, kama inavyofaa. Nilimuambia akuulize weye, kwa kuwa nilijua utajibu nini. Kisha nilinyamaza miaka mine.

Kila mara nilipokuita kuomba maji, sikuwa na kiu. Nilitaka kusikia kama ungali ndani ya nyumba.

Panda mutumbwi Alhamisi. Ufunguo umuachie Angélique.

Baba yako,
Lucien